Nilimwita tafi changu, Babu akachukua simu yangu

Wacha nianze na aibu yangu, juu najua kuna watu tayari wameiona.

Nilizaliwa Kwale, upande wa Msambweni, lakini nimekulia Changamwe. Baharini naenda kuogelea na kupiga video. Sasa kaskazi iliyopita nikaenda nyumbani, nikashuka bandarini asubuhi wavuvi wanaporudi, nikashika samaki mmoja mbele ya kamera na kutangaza kwa sauti ya mtangazaji: "Huyu hapa anaitwa changu, samaki wetu wa Pwani!"

Babu alikuwa nyuma yangu. Akaichukua simu mkononi mwangu, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akaniuliza: "Mjukuu wangu, ukimwita tafi changu, na changu mwenyewe utamwita nani?"

Watu wakacheka. Nikataka kumgeuza yule samaki nimwangalie vizuri, nikamshika vibaya, akanichoma. Jamani. Ule uchungu hauko kama wa mwiba wa mti, unapanda mkono mzima na kupiga kama moyo. Mama karanga mmoja, wale akina mama wanaonunua samaki bandarini na kukaanga, akaniletea maji ya moto kwenye kopo, akaniambia nitumbukize kidole, ila nisijichome mara ya pili. Baada ya muda ukapungua. Akaniambia, "Sasa hutamsahau jina."

Kweli sijamsahau. Na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma na kuuliza kuhusu samaki huyu mmoja. Leo nataka kubishana na nyinyi kuhusu historia ya Pwani nikimtumia yeye.

Kwanza mjue ni nani. Tafi, au tasi kama wanavyomwita ndugu zetu wa Unguja, ni samaki bapa wa rangi ya kijani iliyochanganyika na kahawia, ana madoadoa meupe madogo. Akishtuka au akishatolewa majini hubadilika, anapata mabaka. Mdomo wake ni mdogo kama wa sungura na kazi yake ni kula nyasi za bahari na mwani. Wengi mnaowaona sokoni wana urefu wa mkono kutoka kiganjani hadi nusu ya kigasha, lakini wapo wanaofika sentimita 40 na zaidi. Mgongoni ana miiba 13. Chini, nyuma ya tumbo, ana 7. Mapezi mawili ya tumboni yana mwiba mbele na mwiba nyuma kila moja, kwa hivyo ongeza 4. Jumla 24, na yote ina sumu. Haiui, lakini mimi sai ni shahidi wa hiyo sumu.

Ukiwa na tafi lazima umpasue mapema. Tumbo lake limejaa majani, likikaa juani linaanza kunuka na harufu inaingia kwenye nyama. Bibi yangu anaweza kukuambia kwa kunusa tu kama tafi alipasuliwa chomboni au alisubiri mpaka nyumbani. Akipasuliwa mapema, ukamkaanga kisha ukampaka tui lenye ndimu na pilipili, hapo ongea yote unayotaka kuhusu samaki wa mfugo kutoka ng'ambo, mimi sikusikii.

Sasa mtego wake. Babu anavua kwa malema. Kama hujawahi kuona lema, fikiria kikapu kikubwa chenye pembe sita kilichosukwa kwa mianzi iliyopasuliwa na fito, matundu yake kama wavu. Lina mlango mmoja, mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani, samaki anaingia kwa urahisi lakini kutoka hajui aanzie wapi. Ndani unaweka chambo. Kwa tafi, chambo chenyewe ni mwani! Unamtegea mla majani kwa majani. Unafunga mawe ili lizame, unalilaza pale nyasi zinapokutana na mwamba, unarudi kesho.

Babu haweki boya. Anasema boya ni kumwandikia mwizi barua. Anapajua pahali kwa kulinganisha vitu viwili vya nchi kavu: mnara wa msikiti ukae sawa na mnazi fulani upande huu, na pembe ya msitu ikae sawa na paa fulani upande ule. Pale mistari inapokutana, lema liko chini. Mwaka juzi ule mnazi ulikatwa, mtu anajenga. Babu alilalamika kama mtu aliyepotelewa na kitambulisho.

Sasa twende kwenye ugomvi wangu.

Shuleni historia ya Pwani tulifundishwa hivi: wakaja Waarabu na Waajemi, wakaja Wareno, Vasco da Gama akafika Malindi 1498, Ngome ya Yesu ikaanza kujengwa 1593, kisha Wasultani, kisha Waingereza. Kila mtu amekuja na jahazi kutoka mahali. Sisi tulikuwa tumesimama ufuoni tunawapungia mkono au vipi? Na hao wageni wote, wakishashuka, walikula nini? Nani alitoka alfajiri na hori kwenda kuwaletea?

Nimekuja kuamini kwamba tumeisoma historia yetu kutoka kwenye sitaha ya majahazi ya wageni. Ukiisoma kutoka kwenye lema, inageuka.

Karibu miaka 2,000 iliyopita, msafiri mmoja aliyeandika kwa Kigiriki alitengeneza mwongozo wa biashara wa bahari hii, unaojulikana kama Periplus. Jina lake halikubaki, lakini maandishi yalibaki. Anataja kisiwa anachokiita Menouthias, ambacho wasomi wanabishana kama ni Pemba, Unguja au Mafia. Kwa hivyo si Kwale, nakubali, lakini kutoka Shimoni hadi Pemba si mbali. Anasema watu wa huko wana vyombo vya kushona kwa kamba na mitumbwi ya gogo moja, na wanavitumia kuvua samaki na kasa. Halafu anaeleza jambo lililomshangaza: wana namna yao ya kuvua kwa vikapu vilivyosukwa, wanavifunga kwenye mikondo inayopita katikati ya miamba.

Niliposoma hapo nilisimama. Sisemi hilo ni lema lenyewe la Babu. Kufunga kikapu kwenye mkondo kunakaribia zaidi ule uvuvi wa uzio, ambao maji yakipwa samaki wanabaki ndani. Lakini wazo ni lile lile: usimkimbize samaki, jua njia yake, kisha msukie nyumba njiani. Yule mgeni alipitia hapa kutafuta pembe za ndovu na magamba ya kasa, akakuta watu wameshajua hesabu ya maji kujaa na kupwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,400 kabla ya Vasco.

Halafu kuna Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, Lamu. Mji ule ulianza karne ya 8 na ukahamwa karibu mwaka 1425. Mwanaakiolojia Mark Horton aliuchimba miaka ya 1980, na kitabu chake kikatoka 1996. Watu wengi wakiisikia Shanga wanazungumzia msikiti, ambao tabaka zake za chini kabisa ni za zamani mno, na nyumba za mawe ya matumbawe. Mimi nilivutiwa na takataka. Majalalani kulikuwa na mifupa ya samaki kwa wingi, na mingi ni ya samaki wa karibu, wa mwambani na wa kwenye nyasi, jamaa za kina pono na changu. Yaani majirani wa tafi. Watu walikuwa wanavua pale ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi ndani ya maji mamoja.

Mwaka 2015 kundi la wanaakiolojia, Horton mwenyewe akiwemo pamoja na Jeffrey Fleisher na wengine, waliandika makala wakiuliza swali ambalo mwanzo lilinikasirisha: Waswahili walianza lini kuwa watu wa bahari? Nikasema, kwani hawa vipi! Lakini hoja yao ina uzito. Wanasema katika karne za mwanzo watu wa miji hii walivua karibu na ufuo, na ni kuanzia karibu mwaka 1000 ndipo unapoona zaidi samaki wa maji makuu, miji inaikazia macho bahari, na bahari inakuwa sehemu ya watu kujitambua.

Nakubaliana nao nusu. Kwamba watu walianza kwenda mbali baadaye, sawa, mifupa haidanganyi. Ila kwenda mbali kusiwe ndiyo kipimo cha kuwa mtu wa bahari. Babu yangu hajawahi kuvuka mwamba zaidi ya mara chache maishani mwake. Anajua bamvua na maji mafu kuliko mimi ninavyojua nywila zangu. Ukimwambia kwamba yeye si mtu wa bahari kwa sababu hakuvua papa, ukae mbali na kasia lake.

Karne ya 12 kuna mwandishi mwingine, al-Idrisi, aliyekuwa akimtumikia Mfalme Roger wa Sicily na kumaliza kitabu chake cha jiografia mwaka 1154. Hakufika huku, alikusanya habari za wasafiri. Lakini kuhusu Malindi anasema watu wake ni wawindaji na wavuvi, na samaki wao wanawatia chumvi na kuwauza. Ona hapo. Hao si watu wanaoshika chakula cha jioni tu. Wana chumvi, wana wateja, wana bei. Mama karanga wa Msambweni ana wahenga kwenye kitabu cha karne ya 12 na hakuna aliyemwambia. Mimi nilimwambia. Akaniuliza kama al-Idrisi aliandika pia nani alikuwa anakopa bila kulipa.

Jina la kitaalamu la tafi ni Siganus sutor. Mfaransa Valenciennes ndiye aliyemwandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1835. Sutor ni Kilatini, maana yake mshona viatu, na hadi leo Ushelisheli wanamwita kordonnyen, ni hilo hilo. Nadhani ni kwa sababu ya ile miiba, kama msharasi wa fundi viatu. Kwa hivyo hata huko kwenye sayansi jina lake lina harufu ya mtu aliyewahi kuchomwa. Na huyu samaki ni wa bahari yetu hii, magharibi ya Bahari ya Hindi. Mtu wa Indonesia ana jamaa zake wengi, lakini huyu hasa ni wetu.

Karne ya 20 nitaipita haraka, juu hapo ndipo kila mtu ana hasira. Nyuzi za nailoni ziliingia, nyavu zikawa rahisi na za kudumu. Mwaka 1968 Malindi na Watamu zikatengwa kuwa hifadhi za bahari, baadaye Kisite, na Mombasa mwaka 1986. Ndani ya hifadhi samaki wanaongezeka, hilo limepimwa na mimi siligombi. Ninachogombea ni kwamba maeneo yale yalikuwa na majina, yalikuwa na watu waliojua kila shimo, na siku moja wakawa wahalifu kwa kufanya kazi ya baba zao. Mwaka 2001 serikali ikapiga marufuku juya, ule wavu wa kukokota unaozoa kila kitu hadi nyasi, pamoja na bunduki za kuvulia. Hapo Babu alifurahi. Anasema juya halijui tofauti ya samaki na mtoto wa samaki.

Sasa sikilizeni sehemu hii, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike.

Mwaka 1990 Micheni Ntiba na Jaccarini walichapisha utafiti wao kuhusu tafi wa Kenya. Kulikuwa na imani kwamba samaki wa nchi za joto, kwa vile hawana baridi kali wala theluji, huzaa mwaka mzima bila mpango. Wao wakapasua tafi mwezi baada ya mwezi, wakaangalia mayai, wakaonyesha kwamba tafi ana misimu yake: mmoja karibu Januari na Februari, mwingine karibu Mei na Juni. Miaka ya baadaye watafiti wakiongozwa na Melita Samoilys walikuja huku kwetu kusini kuangalia mahali ambapo tafi hukusanyika kutaga, na walianza kwa kuwauliza wavuvi. Tafi hukusanyika siku za karibu na mwezi mpevu, mahali maalumu.

Nikamsomea Babu haya yote barazani, nikiyatafsiri. Nilitegemea ashangae. Akaendelea kusuka. Baadaye akasema, "Hiyo 1990 ndiyo waliyojua wao."

Nilipenda sana hilo jibu, na kama ningekuwa naandika ili nipendwe tu ningeishia hapa: wazee wetu walijua, wazungu na maprofesa wamekuja nyuma, makofi. Lakini nilimwuliza swali la pili. "Kama mlijua wanakusanyika kutaga, mlikuwa mnawaacha?"

Akanyamaza kidogo. "Tulikuwa tunawaendea."

Ndiyo hivyo. Kujua mahali tafi anapotaga hakukuwa maarifa ya kumlinda, kulikuwa maarifa ya kumpata. Zamani ilikuwa sawa, kwa sababu malema yalikuwa machache, hori lilikuwa la kasia, na kusi ikivuma miezi kadhaa bahari yenyewe ilikuwa inawafungia watu mlango. Tafi pia ni samaki wa bahati: anakua haraka na kuzaa mapema, tofauti na chewa anayechukua miaka. Sasa wavuvi ni wengi, kuna injini, kuna barafu, kuna tajiri mwenye pikipiki anayesubiri ufuoni. Maarifa ni yale yale, lakini hesabu imebadilika.

Kwa hivyo nakataa hadithi mbili kwa pamoja. Nakataa ile ya maafisa kwenye semina, eti mvuvi ni mtu asiyejua anachofanya, anahitaji kuelimishwa. Na nakataa ile tunayopenda sisi vijana wa video, eti wahenga walikuwa walinzi wa mazingira wenye hekima na kila kibaya kililetwa na meli. Wahenga walikuwa watu wenye njaa na akili. Tukiwafanya malaika, tunawanyang'anya ile akili.

Ami yangu, mdogo wake baba, ndiye anayevua sai kwa sababu Babu magoti yamekataa. Amekuwa akitaka kuacha malema. Sababu zake si za kijinga. Lema zuri linachukua siku kadhaa kusuka, na mianzi siku hizi inanunuliwa. Njia yetu ya zamani ya kushuka ufuoni imezibwa na mwenye ploti mmoja, kwa hivyo kubeba malema ni kuzunguka mbali na mzigo kichwani. Wenzake wanatumia zile nyavu za uzi mmoja wa plastiki, zisizoonekana majini. Zimekatazwa, lakini zinakunjwa kwenye mfuko wa gunia na zinalipa.

Tulibishana naye usiku mzima. Nikamwambia kuhusu malema yenye upenyo wa sentimita chache pembeni, ambayo watafiti wameyajaribu hapa Kenya, samaki wembamba wadogo wanajipenyeza na kutoka, wakubwa wanabaki. Nikamwambia kuhusu Kuruwitu, kule Kilifi, wanakijiji wenyewe walivyofunga kipande cha bahari na kukiita tengefu. Akanisikiliza vizuri tu. Halafu akasema: "Mwanangu, tafi anataga Januari. Na karo ya shule inalipwa lini?"

Sikuwa na jibu. Ebu mnipe nyinyi. Kwenye kila ripoti niliyosoma kuna mwezi, kuna joto la maji, kuna urefu wa samaki. Sikuona popote kalenda ya shule imewekwa kando ya kalenda ya tafi, na huku kwetu hizo ni kalenda moja.

Tulichokubaliana ni kidogo. Babu alisuka malema mawili mapya yenye upenyo pembeni, na la tatu nikasuka mimi chini ya matusi yake. Langu limepinda, mlango umeangalia juu kama mtu anayeomba mvua. Ami akasema ataliweka, lakini kwa masharti kwamba nikilipiga picha nisiseme ni lake.

Januari mwezi ulipoiva tulitoka naye asubuhi. Maji yalikuwa ya bamvua, yamepwa mbali, tukausukuma mtumbwi kwa upondo mpaka kwenye kina. Mistari ilinishinda kuilinganisha bila ule mnazi, Ami akaipata mara moja, ameshachagua mlingoti wa simu badala yake. La kwanza Babu lilikuwa na tafi wanane na pono wawili. La pili lilijaa, na ukiwashika matumbo yao unasikia mayai. Ami alilishikilia pale ubavuni mwa mtumbwi muda mrefu, nusu ndani ya maji. Kisha akalifungua, akaliinamisha, wakatoka wote. Nilihesabu kumi na tisa. Hakuniangalia, na sikupiga video.

Langu lilikuwa na kaa mmoja.

Tulipofika ufuoni Babu alikuwa amekaa kwenye gogo lake na mkongojo. Akachungulia ndani ya mtumbwi, akamtazama Ami, akauliza, "Mmebakisha?" Ami akasema tumebakisha. Mama karanga alishafika na beseni, anauliza bei, na anataka kujua kwa nini leo samaki ni wachache hivi na mwezi wote ule.